Jiko Zito Si Lazima Liwe Bora

Aghalabu kuni zinapoisha mapema katika shule zetu za mabweni, lawama humwangukia mpishi. Mimi naona kwamba yafaa kwanza tulichunguze jiko lenyewe.

Wengi wetu huamini kuwa ukuta mnene wa mawe na udongo ndio uhifadhio joto. Imani hiyo ina kasoro. Ukuta mzito hunywa joto kwanza, na sufuria ikaambulia masazo. Kinachozuia joto kutoroka ni hewa iliyonaswa katika vitundu vidogo vidogo, ndiyo sababu vizuizi bora huwa vyepesi. Debe la lita 20 la mchanga mkavu lina kilo zipatazo 30, ilhali debe lilo hilo la vermikulaiti, madini ambayo hufutuka yakichomwa, halifiki kilo 4.

Hata hivyo, Mgala muue na haki umpe. Udongo uliochomwa hustahimili miali na vishindo vya kuni. Jivu huzuia joto vyema zaidi, lakini halina nguvu, na likilowa faida yake hupotea. Basi shurti lifungiwe baina ya kuta mbili. Jiko la makaa lenye kiuno chembamba, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, lilitatua jambo hili kwa kugawa kazi: bati nje, kigae cha udongo ndani, na katikati saruji iliyochanganywa na vermikulaiti.

Kwa nini basi somo hili lisitoke jikoni likaingia darasani? Mwalimu wa fizikia ahitaji mikebe tu. Mkebe mdogo wenye maji yanayotokota na uwekwe ndani ya mkubwa, na nafasi ya kati ijazwe mchanga, kisha jivu kavu, kisha jivu bichi, kisha unga wa diatomaiti, mwamba mweupe upatikanao Kariandusi karibu na Gilgil. Wanafunzi wasome kipimajoto kila baada ya dakika 5 na kuchora grafu. Jaribio hilo halitawaambia ni kipi kitakachodumu motoni, lakini litawaonyesha ni kipi kizuiacho joto.

Nazo halmashauri za shule, kabla ya kumlipa fundi, zimwulize swali moja: kati ya kuta hizi umetia nini? Asipokuwa na jibu, gharama ya kimya chake italipwa na mzazi kwa karo, na mpishi kwa moshi machoni.