Hesabuni Mikanda, Msihesabu Vitanda



Majira ya joto yakikaribia, mazungumzo kwenye harusi zetu hugeukia matrela ya safari. Mwaka jana shemeji yangu alitoka Louisville, akanichukua hapa Columbus tukaone moja alilolipenda. Mlangoni limeandikwa kwa herufi kubwa: linalaza watu 10. Ndani mna vitanda vinne vya ghorofa, sofa inayogeuka kitanda, meza inayogeuka kitanda, na kuta mbili zinazosukumwa nje kwa mota, kama mtoto wa meza anavyovutwa. Sebule ilipopanuka, shemeji, baba wa watoto sita, alitabasamu. Nikamwuliza pikapu yake ina viti vingapi. "Vitano, shemeji. Lakini Buffalo tutakwenda usiku, watoto watalala huko nyuma."

Maneno hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Trela si basi. Sheria za Ohio na za New York zinakataza mtu kukaa ndani ya trela la aina hii likiwa linavutwa barabarani, na zina sababu. Hakuna mkanda hata mmoja. Kuta ni fito nyembamba zilizofunikwa kwa mbao laini. Likiyumba na kulala ubavu, mtoto aliye kitanda cha juu hana cha kumshika. Sisi tumetoka kwenye daladala na matatu. Mwaka 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilipolazimisha mikanda na abiria 14 tu kwenye matatu za Kenya, wengi wetu tulizisifu. Leo tumevuka bahari ili tuwapange watoto wetu wenyewe kama magunia?

Mtasema: basi tutawabana garini. Hapo ndipo hesabu inapokuja, na mimi ni mhandisi, mniwie radhi. Muuzaji atakwambia pikapu yako inavuta paundi 9,000. Huenda ni kweli. Lakini fungua mlango wa dereva usome kibandiko: uzito wa watu na mizigo usizidi, tuseme, paundi 1,500. Trela likishapakiwa likafika paundi 7,500, asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo hukalia ndoano ya gari lako. Chukua 13: ni paundi 975. Zinabaki 525, yaani watu wazima watatu wa paundi 175, bila hata begi moja. Gari linaishiwa uwezo wa kubeba kabla halijaishiwa uwezo wa kuvuta. Hilo utaligundua kwenye mteremko wa I-71 unaoingia Cincinnati, na pale si mahali pa kujifunzia.

Wala msikimbilie basi dogo la watu 15 la kanisa au msikiti. Tangu 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani imekuwa ikionya kwamba likibeba watu 10 au zaidi hupinduka kwa urahisi zaidi. Kulifungia trela ni kuongeza hatari juu ya hatari.

Sasa hizo kuta za kutoka nje. Kila moja ina fremu, mota na reli zake, na uzito wake unaingia kwenye hesabu ile ile. Pia ni tundu kubwa lililokatwa ukutani, linalozuiliwa mvua kwa mipira tu, na mpira huchakaa. Kuna jambo muuzaji halionyeshi: ukuta ukiwa umerudishwa ndani, mara nyingi hufiki chooni, wala kitandani, wala kwenye friji. Umesimama kandokando ya I-90 karibu na Erie, mtoto anataka choo, na huwezi kuusukuma nje kwa sababu malori yanapita.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Familia ya watu wanane inahitaji vyumba viwili au vitatu vya hoteli, na bei zake zinauma. Watoto wetu nao wana haki ya kuiona Mammoth Cave, Hocking Hills na Niagara kama wenzao wa shuleni. Sipingi safari. Napinga kununua heshima ya vitanda 10 wakati gari lina mikanda mitano.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anzeni na mikanda. Kisha kibandiko cha mlangoni. Kisha trela lenyewe: mwambieni muuzaji azirudishe kuta zote ndani, halafu ingieni mjaribu kufika chooni na kitandani. Someni na uzito unaoruhusiwa kwa kila kitanda cha juu. Kama familia ni kubwa, trela dogo lenye vitanda vya ghorofa, bila ukuta wa kutoka, pamoja na hema na gari la pili la ndugu, litawafikisha wote. Na wa Buffalo, kabla ya baridi toeni maji yote kwenye mabomba, la sivyo yatapasuka.

Shemeji hakulinunua. Alininunia mpaka tukafika nyumbani, na nimeridhika aninunie. Watoto wake sita wote walifika Buffalo wameketi, wamefungwa mikanda, kwa magari mawili.