Laptopu ya Kuhimili Vumbi



Mama mmoja wa Kisauni ametuandikia juu ya mwanawe aliyepata kazi ya upimaji wa ardhi huko Kajiado. Kijana huyo ataka anunuliwe laptopu ya zile ziitwazo za kijeshi, zisizovunjika kwa kuanguka wala kuingiwa na vumbi, na bei yake ni zaidi ya mara mbili ya laptopu ya kawaida. Baba mtu amekasirika. Asema hiyo ni israfu tupu, na kwamba yeye alisoma kwa taa ya chemli na hakufa. Mama auliza nani kati yao ana haki.

Tungeweza kumjibu kwa mistari miwili. Lakini jambo hili limepita ndani ya nyumba yetu, limetugharimu bangili ya dhahabu na miezi kadhaa ya kusutana, kwa hivyo atuwie radhi tukilieleza kwa urefu.

Binti wa dada yetu aliolewa Kitengela. Wengi wetu wa pwani tunapowatembelea jamaa wa huko hushuka Athi River kwa treni, kisha tukaingia matatu ya masafa mafupi. Mji wenyewe umekua mbele ya macho yetu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ulikuwa na wakazi zaidi ya 150,000, na kaunti nzima ya Kajiado ikapata 1,117,840, ambapo miaka kumi kabla yake haikufika 700,000. Kila palipo na watu wengi hivyo pana ujenzi, na kila palipo na ujenzi pana vumbi. Ongeza viwanda vya saruji vya Athi River, machimbo ya mawe, na upepo wa nyika usiozuiwa na mnazi wala mwembe. Huku kwetu adui wa chuma ni chumvi ya bahari: bawaba huota kutu na skurubu hukataa kufunguka. Kule adui ni huo unga mwembamba unaoingia hata kabati lililofungwa kwa ufunguo. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hugeuka ulimbo, na aliyevaa viatu vyeupe hujuta.

Kazi ya binti yetu ni kuweka hesabu za vikundi vya akina mama wafugaji upande wa Bisil na Mashuuru. Akina mama hao huweka akiba, hukopeshana, huuza maziwa na mbuzi. Yeye huenda Kajiado mjini kwa gari, na kutoka hapo hupanda pikipiki kufuata vijia vya ng'ombe, laptopu mgongoni ndani ya mkoba wa nguo.

Laptopu ya kwanza ilidumu miezi minane. Nasi tuliokaa Mombasa tukamlaumu kwamba hajui kutunza kitu. Lawama ile haikuwa ya haki, na twaeleza sababu yake ili mwingine asiirudie. Laptopu ya kawaida huvuta pumzi. Ndani yake mna feni ndogo inayonyonya hewa kwa matundu ya chini na kuisukuma nje kwa ubavuni ili kupoza mashine. Ukiitumia mahali penye vumbi, huvuta vumbi pamoja na hewa, na vumbi hilo hujikusanya kwenye mapezi membamba ya kupozea mpaka likawa kama blanketi. Mashine hupata joto, hupunguza mwendo, kisha huzima yenyewe. Binti yetu aliiona ikizima, akaiacha ipoe, akaiwasha tena. Alifanya hivyo kwa wiki kadhaa.

Kilichoimaliza, hata hivyo, kilikuwa ni kuanguka. Pikipiki iliteleza kwenye korongo kavu. Yeye, alhamdulillahi, alitoka na mchubuko wa goti tu. Laptopu ilitoka nzima kwa nje. Ndani ilikuwa na diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika huku mkono mwembamba ukielea juu yake bila kuigusa. Mkono ule ukiigusa sahani hukwaruza, na palipokwaruzwa hapasomeki tena.

Humo ndimo zilimokuwa hesabu za akina mama 43 kwa majuma kumi na moja. Nani ametoa kiasi gani, nani amekopa, nani amelipa. Mtandao wa simu kule hupatikana kwa kupanda mwinuko, naye alikuwa akiahirisha kupeleka nakala mpaka arudi mjini, na akirudi mjini alikuwa amechoka.

Sisi tulipoambiwa tulidhani ni kisa cha mashine iliyoharibika. Dada yetu ndiye aliyetufahamisha, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto halali usiku. Akiba ya mwanamke wa kule si ya kujifurahisha. Ndiyo karo ya shule, ndiyo maji ya kununua wakati wa kiangazi, na kwa baadhi yao ndiyo fedha pekee duniani ambazo mume hajui idadi yake. Na mtu aliyekabidhiwa hesabu hiyo akaipoteza, watu watasemaje? Watasema amekula. Amana ni amana, hata ikiwekwa ndani ya plastiki.

Alirudi akawaambia ukweli. Wakakaa chini ya mgunga, akafungua daftari jipya. Bibi mmoja wa makamo, asiyejua kusoma wala kuandika, akaanza kutaja. Alikumbuka malipo yake yote na ya majirani zake sita. Juma lile ng'ombe wa fulani alipozaa, fulani alitoa 200. Juma la mazishi, watatu hawakutoa kitu. Mwenye ushanga mwekundu alilipa deni lake siku ya soko kwa noti mbili za 500, moja imechanika pembeni. Wengine wakasahihisha, wakabishana, wakacheka. Ilichukua siku mbili, na mwishoni hesabu ya daftari ikapungukiwa na fedha za sandukuni kwa shilingi 150 tu. Binti yetu alitusimulia hayo huku akilia, nasi hatukujua la kumwambia.

Basi tukakutana kama ukoo. Mjomba alipendekeza anunuliwe laptopu ngumu, na hapo ndipo mama yetu mzazi alipovua bangili moja mkononi mwake, akaiweka mezani bila ya kusema neno. Hatukumwomba. Mpaka leo tukiutazama mkono ule twahisi haya.

Sasa tueleze bidhaa yenyewe, maana wengi hulipa bila kujua wanalipia nini. Mashine hizi si jambo geni. Toughbook za Panasonic, zinazojulikana zaidi, zilianza kutoka mwaka 1996, na hutumiwa na mafundi wa umeme, madereva wa magari ya wagonjwa, polisi na wapimaji. Mwili wake hufanywa kwa aloi ya magnesi badala ya plastiki. Kila tundu la kuchomekea waya lina kifuniko chenye mpira. Kioo hung'aa sana ili kisomeke juani, na yeyote aliyejaribu kufungua laptopu ya kawaida saa saba mchana kwenye nyika ya Kajiado atajua thamani ya jambo hilo, kwani hutaona ila uso wako mwenyewe. Uzito wake ni karibu kilo tatu au zaidi, yaani kama pakiti moja na nusu ya unga wa ugali, na hilo si dogo kwa mgongo wa mwanamke anayetembea.

Tazama herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Ya kwanza ni ya vumbi, na mwisho wake ni 6, yaani haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji. 5 maana yake yahimili maji ya kurushwa kwa bomba kutoka upande wowote, lakini si kuzamishwa. Kwa hivyo IP65 yatosha mvua ya Kitengela, wala haitoshi kuangushwa ndani ya birika la udhu. Pia utaona MIL-STD-810. Huo ni utaratibu wa majaribio wa jeshi la Marekani ulioanza mwaka 1962. Jaribio la kuangusha, kwa mfano, huwa ni mara 26: pande sita, kingo kumi na mbili na pembe nane. Wauzaji hulitaja jina hilo kama kwamba jenerali ametia muhuri. Sivyo. Mtengenezaji mwenyewe ndiye huchagua ni majaribio yapi afanye, tena kuangusha mara 26 kwaweza kugawanywa kwa mashine tano. Basi ulizeni imejaribiwa nini hasa, na kutoka kimo gani.

Fedha zetu hazikutosha mpya. Tulinunua iliyotumika, katika duka moja Nairobi ambalo hatutalitaja. Muuzaji aliirusha juu ya zulia la duka ikatua salama, nasi tukastaajabu kama watoto. Ilifanya kazi vizuri toka Disemba hadi mvua za Aprili. Siku ya mvua ya kwanza ikaingia maji na kibodi ikafa.

Fundi wa Kitengela aliifungua mbele yetu. Gasketi, ule mpira mwembamba unaozunguka ukingo wote, ulikuwa umekatika mahali pawili na kurudishwa kwa gundi. Vifuniko viwili vya matundu havikuwapo. Aliyebadilisha diski kabla ya kuiuza alifungua mwili wake na hakuuziba tena inavyotakikana. Mashine ya namna hii ikishafunguliwa na mpira wake kuharibika, haina tofauti na ya kawaida ila uzito. Na hata isipofunguliwa, mpira huzeeka, hukauka, hupasuka.

Tulikumbuka kisa ambacho kila mtoto wa madrasa amesimuliwa, cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini yake. Kuuza kitu chenye ila si haramu; haramu ni kuificha. Mjomba hakupiga kelele. Alichukua mpira uliokatika, akauweka juu ya meza ya yule muuzaji, akamwuliza kama angemuuzia mamake. Tulirudi na mashine nyingine kwa kuongeza shilingi 6,000. Hiyo ndiyo anayoitumia mpaka leo, na imeshaanguka mara mbili tunazozijua.

Kwa baba wa kijana wa Kisauni, twasema kwa heshima kwamba ugumu wa chombo si anasa wakati kazi yenyewe ni ya nje. Hapa Kenya jambo hili limefikiriwa kitambo. Mwaka 2015 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilitoa Kio Kit, sanduku gumu la kuhimili maji lenye vishikwambi 40 vya wanafunzi, pamoja na chombo cha intaneti na cha kuchajia, likusudiwe kwa shule za mbali. Hesabu ya watu ya 2019 ilifanywa kwa vishikwambi, na waliovibeba walipita kwenye vumbi hilohilo la Kajiado. Kijana anayepima mipaka ya mashamba atakuwa juani na mavumbini kutwa nzima, na mpaka uliopotea kwa diski iliyoharibika huweza kuzaa kesi ya ndugu kwa ndugu.

Lakini baba naye ana lake. Kwanza, kijana na amwulize mwajiri wake: mara nyingi chombo cha kazi ni juu ya mwenye kazi, na vijana wetu huona haya kuuliza. Pili, kama atatumia mashine ofisini Kajiado mjini na nyikani akabeba kitabu na simu tu, ya kawaida yatosha, maadamu ina diski ya SSD isiyozunguka na asafishiwe feni mara mbili kwa mwaka. Kwa mwanafunzi anayekaa nyumbani Kisauni, kununua ya kijeshi kwa hakika ni israfu, na hapo tuko upande wa baba. Laptopu, au kipakatalishi kama watoto wanavyofunzwa shuleni kuiita, haihitaji deraya ili kuandika insha.

Wakiamua kununua iliyotumika, waende na tochi. Wafungue kila kifuniko na kuubonyeza mpira wake. Usiorudi ukibonyezwa umekwisha. Watazame skurubu za chini: zenye vichwa vilivyolika zimefunguliwa na asiye fundi. Waulize kwa ulimi kama imewahi kufunguliwa, mbele ya shahidi, na jibu liandikwe kwenye risiti. Waiwashe nje juani, si ndani ya duka. Na wasimwache muuzaji airushe juu ya zulia.

Binti yetu hununua flashi mbili kila mwaka. Moja hukaa nyumbani Kitengela, ya pili huiacha kwa mweka hazina wa kikundi, ndani ya kopo la majani ya chai. Na kabla hajagusa kibodi huandika kwanza kwa kalamu katika kaunta buku, kisha humsomea yule bibi kwa sauti. Juma lililopita bibi alimsimamisha kwenye jina la tano. Akasema si 300, ni 350. Ile 50 ililetwa na mtoto, jioni, baada ya kikao kwisha. Binti yetu akafuta.