Mfumo ni "Wetu", Msimbo ni wa Nani?

Makamanda wa Mbulu na Hanang, kila mfumo mpya wa serikali ukizinduliwa tunaimbiwa wimbo uleule: umejengwa na wazawa, ni wetu asilimia mia. Makofi, picha, basi. Mimi nasema hiyo asilimia mia haipo. Haipo Dodoma, haipo hata Marekani.

Chukua zahanati yoyote, iwe upande wa Dongobesh au Endasak. Muuguzi anajaza vitabu vya MTUHA: akina mama wangapi wamejifungulia kituoni, watoto wangapi wamechanjwa. Takwimu hizo zinaishia kwenye DHIS2, jukwaa huria linaloratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Nchi nyingi zimejenga mifumo yao ya afya juu yake. Nalo limesimama juu ya msimbo wa watu wengine: Java, hifadhidata ya PostgreSQL, na maktaba kibao zilizoandikwa na watu wasiojua Katesh iko wapi.

Kuazima si kosa. Mkulima mdogo wa Basotu hanunui kombaini ili avune ngano yake, anakodi. Lakini anajua ni ya nani, na ikikwama shambani anajua ampigie nani. Sasa mifumo yetu: wameazima nini, kwa nani, na kikiharibika nani anarekebisha? Siku ya uzinduzi hilo halisemwi.

Desemba 2021 dunia ilionja matokeo yake. Log4j, maktaba ya Java ya kutunza kumbukumbu za mfumo, inayohudumiwa na watu wachache wa kujitolea, ilikutwa na tundu linalomruhusu mvamizi kuendesha seva ya mtu akiwa mbali. Marekebisho yalitoka haraka. Kazi ilikuwa kujua kama unayo! Wengi hawakujua, maana hawakuiweka wao. Iliingia ndani ya kitu kingine walichoazima.

Wapo wenzetu wanaosema dawa ni kuandika kila kitu wenyewe. Hapana. Hizo ni porojo zilezile za asilimia mia, zimevaa rangi za chama chetu tu. Dawa ni orodha. Mei 2021, Amri ya Rais namba 14028 ya Marekani iliagiza yaandaliwe masharti ya wanaoiuzia serikali programu kutoa orodha ya vipande vilivyomo. Sisi tunashindwaje?

Watasema ni usalama. Kenya walisikia hoja hiyo 2017. Tume yao ilitumia teknolojia ya kampuni ya Ufaransa. Mahakama ya Juu ikaamuru seva zikaguliwe, Tume haikutekeleza ipasavyo. Tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais ukafutwa, na kugoma kufungua seva ilikuwa moja ya sababu. Leo ni takwimu za chanjo, kesho ni daftari la wapiga kura.

Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia anaandika ombi, mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Basi tuandike, Mbulu na Hanang, kwa kila mfumo halmashauri inaoutumia: kuna msimbo wa nani ndani, toleo gani, nani anauhudumia? Wakikataa, watoe sababu kwa maandishi. Orodha ya vipande si neno la siri. Anayeificha atuambie anamficha nani: mvamizi, au mwananchi?