Zawadi ya Khitima: Tununue Mchezo au Tusinunue?



Akina mama na wazazi wenzangu, juma hili naleta suala lililonijia mlangoni kwangu hapa Mwakirunge, baada ya sala ya Alasiri. Alikuja mama mmoja, jirani yetu, amejitanda leso na mkononi ameshika simu. Mwanawe wa miaka 13 alikhitimu Qur'ani mwezi uliopita katika chuo chetu. Baba wa kijana yuko Arabuni kwa kazi ya udereva, na huu ni mwaka wa tatu hajakanyaga nyumbani. Alikuwa amemuahidi mwanawe kwamba akikhitimu atachagua zawadi aitakayo. Kijana akachagua, na baba akatuma shilingi 8,000. Alichokichagua ni mchezo wa video wa Kijapani uitwao Dragon Quest III.

"Maalim," akaniambia, "mashine ya kuchezea anayo, babake alimletea safari iliyopita. Lakini wenzangu wananiambia michezo hii ina shirki ndani yake. Na paa la jikoni linavuja. Nifanyeje?"

Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimjibu kabla ya kufikiri. Nikamwambia, "Achana nao, mwanangu, hayo ni mambo ya mashetani." Akashukuru, akaenda zake. Usiku ule sikupata raha. Nilikuwa nimetoa fatwa juu ya kitu nisichokijua, na mwenye kufanya hivyo hubeba mzigo wake na mzigo wa aliyemfuata. Kesho yake nikaenda Kiembeni kwa mtoto wa dada yangu, ambaye anao mchezo huo, nikaketi naye usiku mara mbili baada ya Isha. Yeye akacheza, mimi nikatazama na kuuliza. Niliyoyaona nawaeleza hapa, kwa sababu najua nyumba nyingi zitaulizwa suala hilihili katika likizo hii ya Disemba.

Mchezo huu si wa mpira wala mbio za magari. Ni hadithi ndefu, na mchezaji huvaa nafsi ya shujaa wake, akasafiri mji kwa mji, akazungumza na watu na kupigana na mazimwi. Ulitungwa na Yuji Horii, na picha zake zikachorwa na Akira Toriyama aliyefariki mwezi wa Machi mwaka 2024. Ulitoka mara ya kwanza Japani mwezi wa Februari 1988, katikati ya juma, na watoto wengi wakatoroka shule ili wapange foleni madukani. Kisha kampuni ya Square Enix iliutengeneza upya, na toleo hilo lilianza kuuzwa tarehe 14 Novemba 2024. Kwa hivyo mama anayeogopa kwamba mchezo utamtoa mtoto shuleni hakuzusha hofu hiyo. Wajapani waliiona zamani.

Tuanze na sharia. Asili ya mambo ya kidunia ni uhalali, mpaka idhihirike sababu ya kuyazuia. Wala dini yetu haikumnyima mtoto mchezo. Sote tumesoma kwamba Bi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake, na kwamba miongoni mwao mlikuwa na farasi mwenye mbawa, na Mtume (S.A.W.) alipomwona alicheka, hakumkemea. Tumesoma pia kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, naye Bi Aisha akawatazama mpaka akatosheka. Kwa hivyo hatuwezi kuukataa mchezo kwa kuwa ni mchezo tu, wala kwa kuwa farasi wa hadithini hana mfano duniani.

Lakini uhalali wa asili si ruhusa ya kufumba macho. Mwaka 2001 wanazuoni wa Saudia walipiga marufuku Pokémon, mchezo mwingine wa Kijapani, na moja ya sababu zao ilikuwa kadi zake kufanana na kamari. Mwaka 2023 mamlaka ya nchi hiyo ilisema kwamba Final Fantasy XVI hautauzwa huko, kwa kuwa wenye mchezo hawakufanya marekebisho yaliyotakiwa. Na mwaka huohuo wa 2023, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia ulikuwa unamiliki zaidi ya asilimia 8 ya hisa za Nintendo, kampuni ambayo Pokémon unachezwa katika mashine zake. Sisemi haya kwa kejeli. Nasema ili tuone kwamba neno moja, halali au haramu, halitoshi kwa michezo yote ya Japani. Kila mmoja hutazamwa peke yake. Huo wa Final Fantasy XVI umewekewa Ulaya alama ya miaka 18, na kwa kijana wa miaka 13 sina haja ya kuketi usiku mara mbili ili niukatae.

Niliona nini basi katika Dragon Quest III? Niliona mambo ambayo Muislamu lazima ayasemee. Mchezaji akitaka kuhifadhi safari yake huenda kanisani, kwa kasisi. Mwenzake akifa, kasisi humfufua kwa malipo ya dhahabu. Watu wa humo humtaja mungu wa kike. Mavazi ya baadhi ya wapiganaji wa kike yameongezwa stara kuliko ya zamani, lakini bado si stara tuijuayo sisi. Katika toleo la 1988 mlikuwa na uwanja wa kuwekea fedha juu ya mapigano ya mazimwi, na jina la jambo hilo ni kamari, hata kama fedha zenyewe ni za kuchora. Kuhusu muziki, wanazuoni wamekhitilafiana, na mwenye kuchukua kauli ya tahadhari anaweza kuizima sauti.

Niliona pia yaliyo mema. Mchezaji yuko peke yake na hadithi yake, hazungumzi na wageni wa mtandaoni wasiojulikana. Kuna kusoma kwingi, ingawa ni kwa Kiingereza, Kiswahili hakimo. Na kuna jambo moja lililonikalisha kitako. Yuko mfalme wa nchi iitwayo Portoga, na jina hilo halifichi kwamba ni Ureno. Mfalme huyo anamtaka shujaa amletee pilipili manga kutoka mashariki, ndipo ampe merikebu.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Biashara ya pilipili na viungo vinginevyo ndiyo iliyomleta Vasco da Gama Mombasa mwaka 1498. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akauteka mji wetu na kuutia moto. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kuijenga Fort Jesus, ile tunayopita mbele yake tukienda Mji wa Kale. Ndani ya mchezo, pilipili inafika, mfalme anafurahi, merikebu inatolewa, na hadithi inasonga mbele. Hakuna mji unaoungua. Mtoto akicheza peke yake chumbani, atajua kwamba pilipili hununua merikebu. Akiwa na mtu mzima ubavuni, atajua pia bei waliyoilipa babu zake.

Hapo ndipo nilipoufahamu msingi wa suala hili. Kasisi anayefufua wafu kwa dhahabu hawezi kumharibu mtoto aliyefundishwa kwamba uhai na mauti viko mikononi mwa Mola peke yake, na akakumbushwa hilo papo hapo anapoliona. Anayeweza kuharibika ni mtoto anayeachiwa kioo kiwe mlezi wake.

Tuje kwenye muda. Wachezaji wengi huumaliza mchezo huu kwa saa 30 hadi 50. Tuseme ni 40. Kijana akicheza saa mbili Jumamosi na saa mbili Jumapili, zitapita wiki 10. Akiachiwa acheze saa nane kwa siku, utamalizika kwa siku tano, na ndani ya siku hizo tano hesabu sala zilizocheleweshwa, chakula kilichopoa na maji yasiyotekwa. Mchezo ni mmoja, fedha ni zilezile, lakini nyumba ni mbili tofauti.

Na fedha je? Bei yake mwaka 2024 ilikuwa dola 60, karibu shilingi 7,700. Katika mtaa ambao maji hununuliwa kwa mitungi, na watoto wa wenzetu huokota vyuma na chupa katika jaa la taka, hizo si fedha za kuchezewa. Ningekuwa naulizwa na mzazi anayetaka kukopa, au kuchukua fedha za karo, ningesema usinunue, na nisingeongeza neno. Israfu haibadiliki kuwa mapenzi kwa sababu aliyetumiliwa ni mtoto.

Lakini hizi zilikuwa fedha za ahadi. Tumepokea kwamba mama mmoja alimwita mwanawe kwa kumwahidi kumpa kitu, na Mtume (S.A.W.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu kwamba ni tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa, ungeandikwa juu yake uongo. Ikiwa tende moja ina hesabu hiyo, seuze ahadi ya baba aliye ng'ambo ya bahari kwa mtoto aliyekhitimu?

Nilirudi kwa yule mama, nikamwomba radhi kwa jawabu langu la kwanza, kisha nikaomba nizungumze na kijana. Nikamuuliza kwa nini mchezo huu, na madukani imejaa mingine. Akatazama chini, akafuta mchanga kwa kidole cha mguu.

"Maalim, shujaa wake babake aliondoka kwenda kupigana, hakurudi. Mamake anamwamsha siku anapotimiza miaka 16, naye anaondoka kufuata njia aliyopita babake."

Mama yake alikuwa mlangoni. Sikumtazama, wala yeye hakusema kitu.

Hukumu niliyowapa ni hii. Zawadi inunuliwe, kwa sharti tano. Kwanza, inunuliwe kadi yenyewe inayoshikika, si ile ya kupakuliwa mtandaoni, ili ukimalizika iuzwe na fedha zirudi kwenye paa la jikoni. Pili, mashine ikae sebuleni, si chumbani. Tatu, kuchezwe Jumamosi na Jumapili, saa mbili na zisizidi, na adhana ikilia mchezo uhifadhiwe palepale au upotee. Nne, kila anapokutana na jambo la kanisa au la mungu asiyekuwa Allah, alilete chuoni tulizungumze bila ya kumkaripia. Tano, na hii nilimwomba mama amfikishie mumewe: kila Ijumaa akipiga simu, amuulize mwanawe shujaa amefika wapi, na amsikilize mpaka amalize.

Baba alikubali zote. Sharti ya tano, nimeambiwa, aliomba arudiwe mara mbili.

Wazazi wenzangu, mtoto akikuletea jina la mchezo usilolijua, usiseme ndiyo wala hapana siku hiyo. Tazama alama ya umri juu ya kasha. Uketi nao, au umtume unayemwamini aketi. Hesabu saa zake kabla ya shilingi zake. Kisha umuulize mwanao anautakia nini, na uwe tayari kwa jawabu.

Wabillahi tawfiq.