Baridi Si Kosa la Dereva

Ndugu Madereva na Mataniboi,

Toka mwezi wa sita mpaka wa nane ukungu hushuka Nyambene, na asubuhi malori ya Laare hukataa kuwaka. Miraa haingoji, baada ya siku mbili hivi nguvu yake imekwisha. Gari likichelewa, wako matajiri wasemao, "Dereva hajui kuwasha," kisha wanamkata mshahara. Sisi twasema hiyo ni dhuluma, na twaeleza kwa nini.

Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Pistoni hubana hewa mpaka iwe moto sana, na dizeli ikipulizwa ndani hushika moto yenyewe. Joto likikosekana, injini haiwaki. Katika nchi za theluji hata dizeli huganda, lakini Laare hakuna theluji! Lori lenye afya huwaka katika baridi yetu. Likikataa, lina ugonjwa, na baridi imeufichua tu.

Tazameni wenyewe. Stata ikizunguka polepole, lawama ni ya betri, au vichwa vya betri vyenye kutu, au oili nzito. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 gari likiwa limelala. Ikishuka chini ya 9.6 stata inapozunguka, betri imechoka au haina chaji. Stata ikizunguka vizuri na moshi mweupe ukatoka, dizeli yafika lakini haiungui: pimeni hita plagi moja moja, kisha kompresheni. Moshi usipotoka kabisa, huenda dizeli haifiki: filta imeziba, au mpira umepasuka na kuingiza hewa.

Sasa twauliza: katika hayo, lipi ni la dereva? Nani anunuaye betri? Nani asemaye hita plagi zingoje mwezi ujao? Na nani apendaye dizeli rahisi iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hula pampu kwa kukosa ulaini? Mchezo huo ulizidi hata serikali, mwaka 2018, ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha.

Badala ya kutengeneza gari, taniboi huambiwa alisukume mteremkoni, au awashe moto chini ya injini, au apulize etha. Injini ikiwa imezimika, breki na usukani havina nguvu yake. Moto waweza kuteketeza gari na mtu. Etha ikikutana na hita plagi yenye moto hulipuka na kuvunja pistoni. Likiharibika, nani atalipishwa?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa au kupotezwa kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Betri iliyozeeka si makusudi ya mtu yeyote!

Basi, kila dereva aandike ubovu wa gari jioni, pamoja na tarehe, ampe tajiri karatasi moja, naye abaki na nakala. Akikatwa mshahara, ailete nakala hiyo chamani. Tusisukume tena malori yenye ugonjwa. Asiyetaka kununua betri asitafute bei yake katika mfuko wa dereva.

Umoja ni nguvu.