Lumia Haikufia Kariakoo

Mazungumzo ya simu za Windows yakiibuka, iwe kijiweni au kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja, hukumu hutoka kabla kesi haijasikilizwa: zilikufa kwa sababu hazikuwa na programu. Snapchat haikuja kabisa. YouTube ilikuwa ya kuungaunga. Instagram ilifika Novemba 2013, tena ya majaribio, wakati wenzetu wa Android walikuwa nayo tangu Aprili 2012. Basi, zikeni, twendeni zetu.

Hukumu hiyo nimeisikia miaka mingi na sijaikubali. Si ya uongo. Programu kweli hazikuwapo. Lakini kumwambia mfiwa kwamba marehemu amekufa kwa kuwa moyo ulisimama si kumweleza kitu. Kila maiti moyo wake umesimama. Mfiwa anataka kujua kilichousimamisha.

Mimi namtaja mshtakiwa ambaye hatajwi sana: mikataba ya upekee. Ni ile mikataba ambayo mtengenezaji wa simu anakubaliana na mtandao mmoja kwamba simu hii utaiuza wewe peke yako, na wateja wa mitandao mingine wataiona kwenye matangazo tu. Nasema haya nikiwa Dar es Salaam, mji ambao mikataba hiyo haikugusa mtu. Lumia 520 yangu niliinunua Kariakoo. Muuzaji hakuniuliza niko mtandao gani. Alichukua kile kidude cha kukatia laini, akaipunguza laini yangu ikaenea kwenye tundu lake, akawasha, tukaachana. Ndiyo maana ilinichukua muda kuelewa kwamba simu iliyokuwa mfukoni mwangu ilikuwa inanyongwa mbali, kwenye kaunta za maduka ambayo sijawahi kuyakanyaga.

Kwa msomaji aliyezoea maisha ya laini mbili, bando huku na salio kule, inabidi nieleze Marekani ya miaka ile ilivyokuwa. Mitandao mikubwa ilikuwa minne: Verizon, AT&T, Sprint na T-Mobile. Watu wengi hawakununua simu kwanza kisha wakatafuta laini. Mtu aliingia kwenye duka la mtandao wake, akasaini mkataba wa miaka miwili, akapewa simu ya dola 600 kwa dola 99 au 199, na tofauti akailipa taratibu ndani ya bili ya kila mwezi. Akishasaini, miaka miwili hagusi kitu kingine bila faini. Wala kifungo hakikuwa cha karatasi peke yake. Verizon na Sprint walitumia mfumo wa mawasiliano usiopatana na wa AT&T na T-Mobile, kwa hiyo hata fundi hodari angekufungulia simu ya AT&T, kwenye mtandao wa Verizon ingebaki saa ya mezani.

Sasa weka simu mpya, yenye mfumo ambao watu hawaujui, ndani ya nchi ya namna hiyo. Halafu iuze kwenye mtandao mmoja. AT&T ilikuwa na karibu theluthi moja ya wateja wa simu Marekani. Kabla hujatangaza bei, kabla mtu hajaishika mkononi, umeshawaambia wateja wawili katika kila watatu kwamba hii si yenu. Katika ile theluthi iliyobaki, wengi bado wako katikati ya mikataba yao na zamu yao ya kubadili simu haijafika. Unabaki kugombea kipande cha kipande, na mshindani wako ndani ya duka hilohilo ni iPhone.

Fikra hii ilitoka kwa iPhone yenyewe. Juni 29, 2007 iPhone ilianza kuuzwa kwa AT&T peke yake, na ikakaa huko hadi Februari 2011 Verizon walipoipata. Watu walivunja mikataba yao wakaifuata. Watengenezaji wengine wakatazama, wakadhani nguvu ilikuwa kwenye upekee. Hawakuona kwamba iPhone ilikuwa inawavuta watu kuelekea mtandao, na kwamba simu isiyo na mvuto huo haimtoi mtu kwake. Tena hata Apple ililipa. Verizon, ikiwa na mamilioni ya wateja walioikosa iPhone, ilihitaji kitu cha kuwapa, na Novemba 2009 ikaitoa Droid kwa matangazo ya kishindo. Android ilipata malezi yake Marekani kwa sababu mlango wa iPhone ulikuwa mmoja.

Aliyekuwa dhaifu akaiga ni Palm. Simu yake ya Pre, yenye mfumo wa webOS ambao hadi leo naona alama zake kwenye simu za wengine, iliingia sokoni Juni 6, 2009 kwa Sprint peke yake. Sprint ilikuwa ya tatu kwa ukubwa na ilikuwa inapoteza wateja. Yaani mgonjwa alikabidhiwa kwa mgonjwa. Palm walipofika Verizon Januari 2010, Droid ilikuwa imeshakalia kiti. Mwaka huohuo HP waliinunua kampuni, na Agosti 2011 wakatangaza kuachana na simu za webOS.

Mfano huo ulikuwa bado wa moto, kila mtu ameuona. Nokia na Microsoft, waliotangaza ushirika wao Februari 2011, wakapita njia ileile.

Lumia 900 ilitambulishwa Las Vegas Januari 2012. Ndiyo iliyotarajiwa kuirudisha Nokia Marekani: bei ya dola 99 kwa mkataba, umbo zuri, rangi ya bluu ya kuvutia macho. Muuzaji ni AT&T tu. Tarehe ya kuanza kuuzwa ikawa Aprili 8, 2012. Tafuta kalenda: ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Maduka mengi ya AT&T yalikuwa yamefungwa. Sina ushahidi kwamba kuna aliyekusudia, na sidhani. Nadhani ni mbaya zaidi ya kukusudia: hakuna aliyejali kiasi cha kufungua kalenda. Ukiwa na mitandao minne inayogombea kuuza simu yako, mmoja akifunga duka siku ya uzinduzi, watatu wako wazi. Ukiwa na mmoja, ratiba yake ndiyo ratiba yako.

Novemba mwaka huohuo ikaja 920, simu iliyochajiwa bila waya na kupiga picha gizani kuliko nyingi za wakati wake. Ya AT&T. Verizon wakapewa 822. T-Mobile wakapewa 810. Sprint mwaka ule haikuwa na Lumia hata moja. Mei 2013 Verizon wakapata 928, iliyokuwa 920 iliyobadilishwa sura. Julai T-Mobile wakapata 925, na mwezi huohuo 1020 yenye kamera ya megapikseli 41 ikaenda AT&T kwa dola 299. Baadaye 1520, AT&T. Februari 2014 Verizon nao wakapewa yao, wakaibatiza Icon. Nimefuatilia simu hizi kwa miaka na bado nalazimika kuziandika pembeni nisizichanganye. Fikiria mtu wa kawaida wa Chicago aliyeona tangazo la 920 kwenye runinga, akaenda duka la Verizon, akaambiwa hiyo hatuna, tuna hii 822. Muuzaji ana dakika tano naye na anajua simu gani haitarudishwa kesho kwa malalamiko. Unadhani anamtolea 822?

Wapo wanaotetea: ndivyo soko la Marekani lilivyokuwa, Nokia wangefanyaje? Jibu liko mwaka huohuo wa 2012. Samsung, ambao Galaxy zao za mwanzo kila mtandao ulizipa jina lake (Captivate, Fascinate, Vibrant, Epic), walitoa Galaxy S III kwa mitandao yote minne, jina moja, umbo moja. Tangazo moja lilitosha nchi nzima. Mtu aliyeliona alikuta simu ileile katika duka lolote aliloingia. Samsung walikataa kugawanywa, na mitandao ikakubali, kwa sababu kila mmoja uliogopa kuwa ndio pekee usio nayo.

Nawasikia wanaosema Samsung walikuwa na nguvu, Nokia wa Marekani hawakuwa nayo. Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Mtandao ulimwahidi mnyonge fedha za matangazo, nafasi ya mbele dukani, ruzuku ya bei. Akikataa, huenda simu isipangwe rafuni kabisa. Lakini tazama alichouza ili apate ahadi hiyo. Mtandao uliopewa upekee haukufungwa na lolote zito: simu isipotoka, inasogezwa nyuma, nafasi inachukuliwa na nyingine, bili za kila mwezi zinaendelea kuingia. Aliyefungwa ni mwenye simu, ambaye hawezi kuipeleka jirani. Dobi akiharibu shati lako anabaki na pasi yake. Wewe ndiye unayerudi nyumbani kifua wazi.

Na hapa ndipo kesi inaponifikia mimi wa Kariakoo. Katika robo ya tatu na mwanzo wa robo ya nne ya 2013, vipimo vya kampuni ya utafiti ya Kantar vilionyesha kwamba Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Italia na Hispania kwa pamoja, simu 1 kati ya kila 10 za kisasa zilizouzwa ilikuwa ya Windows. Marekani haikufika 1 kati ya 20. Sitadai kwamba tofauti yote ni ya upekee; Ulaya walikuwa na mapenzi ya zamani na jina la Nokia, na huko pia 920 ilianza Uingereza kwa mtandao wa EE. Lakini kule simu za bei nafuu kama 520 zilienea kila kona, na mtu aliweza kununua simu tupu akaweka laini anayoitaka.

Sasa, nani aliandika programu tulizozililia? Snapchat ni ya California. Instagram ni ya California. Kijana anayeamua wiki hii aandike kwa mfumo gani hafungui takwimu za Milan, sembuse za Dar es Salaam. Anatazama mezani mwa wenzake, anatazama wawekezaji wake, anatazama simu ya mama yake. Yuko katika nchi ambayo Lumia nzuri imefungiwa kwa mtandao mmoja kati ya minne, kwa hiyo hamwoni mtu anayo. Anaandika kwa iPhone, kisha Android, kisha analala. Uamuzi huo unasafiri. Mwenye Lumia ya Milan anakosa programu kwa sababu ya mkataba uliosainiwa Dallas, yalipo makao ya AT&T. Mimi pia. Februari 2013 Microsoft walikuja hadi Kenya na nchi nyingine sita za Afrika na simu ya Huawei iliyoitwa 4Afrika, wakituhubiria kwamba mfumo wao ni wa kwetu pia. Walituletea simu huku wakiwa wameacha bomba la programu limezibwa kwao.

Microsoft wenyewe wana dhambi zao, na sizifuti. Juni 2012, miezi miwili na nusu baada ya Lumia 900 kuanza kuuzwa, walitangaza kwamba mfumo mpya wa Windows Phone 8 hautaingia kwenye simu za zamani, 900 ikiwemo. Aliyesaini miaka miwili kwa AT&T siku zile alijikuta na simu ya mwaka jana kabla bili ya nne haijafika. Google nao walizuia programu ya YouTube ambayo Microsoft waliitengeneza mwaka 2013. Hizo ni ngumi. Lakini mwenye umati nyuma yake huvumilia ngumi, na Google wasingepata ujasiri wa kuwafungia watumiaji ambao Wamarekani wenzao wanawaona kila siku kwenye treni.

Kilichonikasirisha kuliko vyote kilikuja mwishoni. Aprili 2014 Microsoft walikamilisha kuinunua idara ya simu ya Nokia. Julai 2015 wakafuta thamani ya dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyao na kutangaza kupunguza wafanyakazi hadi 7,800. Mtu aliyepigwa kiasi hicho ungetegemea ajifunze. Novemba 2015 wakatoa Lumia 950, bendera ya Windows 10. Marekani, mtandao ulioiuza ni mmoja. AT&T.

Kufikia 2016 simu za Windows zilikuwa chini ya asilimia 1 ya mauzo duniani. Yangu ilikuwa bado inafanya kazi. Vigae vyake viligeuka bila kukwama, betri niliibadilisha mwenyewe kwa kufungua kifuniko cha nyuma kwa kucha, na shangazi yangu, ambaye nilimwachia baadaye, alituma nayo sauti za WhatsApp zenye urefu wa hotuba za bungeni. Desemba 31, 2019 WhatsApp wakaacha kuzihudumia simu za Windows zote. Shangazi alinipigia asubuhi ya mwaka mpya, kwa simu ya kawaida, akataka nimpelekee fundi aiangalie.