Ada za Kaunti: Bei ya Huduma au Kodi kwa Jina Jingine?

Kila mwaka mabunge ya kaunti nchini Kenya hupitisha Sheria ya Fedha, na humo hupangwa ada za maegesho, vibali vya biashara, uzoaji taka na masoko. Ibara ya 209 ya Katiba ya 2010 inaziruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na nyingine itakayoidhinishwa na Bunge. Zaidi ya hapo ni malipo ya huduma wanazozitoa.

Hapo ndipo penye mushkeli. Malipo ya huduma ni mfano wa ujira: ni lazima kijulikane kinacholipiwa. Ushuru wa soko, kama watu wanavyouita, ungepaswa kuanzia kwenye hesabu ya maji, taa, ulinzi, ufagizi na ukarabati, kisha ugawanywe kwa idadi ya meza. Ukianzia kwenye pengo la bajeti, hiyo si ada tena. Mama muuza mboga hukatiwa risiti alfajiri, kisha afagie mwenyewe mbele ya meza yake, na chooni alipe tena (maji yakiwepo).

Katiba inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria hizo. Wenye kuhudhuria vikao hivyo wadai karatasi mbili: gharama za soko lao mwaka uliopita, na makusanyo yake.